Paja la Nguruwe la Harlan

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwaka huu paja ni langu. Miaka tisa jirani yangu Harlan Tveit anashinda shindano la klabu ya kulenga shabaha kwa risasi alizosubu mwenyewe kwa madini ya kuyeyusha, anatwaa paja la nguruwe la moshi, kisha ananialika kulila! Risasi zake zinakaa sawasawa kwenye koo la bunduki, pale mtutu unapoanzia. Zangu zinapwaya na kwenda zinakotaka. Mke wangu Bev ameapa: nikishindwa tena, gereji inakuwa chumba chake cha kushonea.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekwenda kwa Harlan kuazima ngazi. Ukutani, kwa chaki: 311. Kipimo cha unene wa risasi zake, kwa sehemu za elfu za inchi! Akauliza ninachekea nini. Nikasema ni gesi tumboni.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimenunua pete ya chuma ya 311. Nimesubu risasi mpya mia mbili, nene, na kuzisukumia humo moja moja zipungue hadi kipimo hicho. Mkono umevimba. Moyo mweupe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Komeo la bunduki halifungi. Risasi nene! Nilikwenda kuchukua nyundo, Bev akaificha. Akaniambia 311 ni uzito, kwa pauni, wa nguruwe wa Harlan, yuleyule aliyetoa paja la zawadi, na mji mzima unajua. Akauliza kama nimewahi kupima koo la bunduki yangu mwenyewe. Swali la dharau.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bev amelipima koo hilo mwenyewe, kwa kusukumia humo kipande cha madini laini ya risasi. 310. Akampigia Harlan simu, naye akaleta pete yake ya 310 pamoja na pai ya matunda ya huckleberi. Akasema, “Ungeuliza tu, Verlin.” Ni wazi ametishika. Nimezipitisha zote upya.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeshinda! Matundu matano, kifuniko cha kopo la tumbaku kimeyafunika yote. Harlan wa pili. Paja langu, gereji yangu. Niliwaeleza wanachama siri yangu: kumchunguza mpinzani. Bev alikohoa sana. Vumbi.

Jumapili, 12 Oktoba
Bev kamwalika Harlan tule paja. Nimemfumania ameinama mbele ya oveni yetu, paja likiwa ndani, akimnong'oneza Bev: mia tatu ishirini na tano, kwa saa mbili na nusu, usifungue mlango. Kumbe amepandisha kipimo! Mlango sijauelewa, bila shaka ni fumbo.

Nimeshaagiza pete ya 325.