Masanduku Yenye Masikio

Ambilikile aliyaona masanduku yale kabla hajaliona tangazo, na kwa mtu wa kazi yake huo ndio mpangilio bora. Alikuwa amejikinga mvua kwenye baraza la bohari ya halmashauri, mjini Tukuyu, ambako mvua haina desturi ya kuuliza msimu. Akachungulia dirishani. Ndani zililala redio koli za zamani, zile zilizokuwa zikipeleka bomani habari za mafuriko na za homa ya ng'ombe: masanduku ya chuma ya kijani, betri nzito kama dhambi ya mtu mzima, na nyaya za shaba zilizoviringwa kama chatu walioshiba. Simu mpya zilikuwa zimefika. Hizi za kale, tangazo lilisema, zingepigwa mnada fungu zima kwa mpigo, na kisichoondolewa hadi Jumamosi adhuhuri kingerudi kuwa mali ya halmashauri.

"Shaba," alinong'ona Ambilikile, kwa sauti ya mtu anayetamka amina.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Malori ya Dar es Salaam yalipanda mpaka Rungwe kufuata ndizi. Wakulima wakajifunza bei, na wezi wa ndizi wakajifunza upesi zaidi. Kila kitu kilikuwa na mnunuzi, na Mbeya alikuwapo bwana aliyenunua shaba bila kuuliza ilizaliwa wapi. Kikwazo kilikuwa kimoja: wafanyabiashara wengine wa Tukuyu nao walikuwa na macho. Ili yeye anunue kwa bei ya kutupa, ilibidi wengine watamani kutupa.

Mtaji aliupata mahali pekee alipoweza kuupata. Aliibeba cherehani ya marehemu mama yake, ile iliyoshona sare za kwaya nzima ya kijiji cha Nkunga, akaipeleka dukani kwa Husseni, mtaa wa Msasani, hapo hapo mjini.

"Nakuuzia," alisema, "lakini wewe usiiuze."

"Kaka Ambi, hiyo ni biashara ya dini gani?"

"Ya subira. Jumamosi naikomboa, na juu yake nakuwekea faida."

Husseni aliipapasa cherehani ile kama mtu apapasaye ng'ombe wa mahari. "Hadi adhuhuri," alisema. "Adhuhuri ikipita, cherehani haina tena mama."

Maneno hayo yalimchoma Ambilikile kuliko alivyotazamia, lakini mjanja akichomwa hacheki wala halii, hufanya kazi. Akaketi pale pale kwenye baraza la duka, wanywaji wa chai wakimzunguka, akashusha pumzi kama mwenye siri inayomlemea.

"Mnajua kwa nini serikali inaziuza redio zile?"

"Zimekufa," alijibu Meshaki, dereva wa pikapu.

"Mdomo ndio umekufa. Redio ina mdomo na sikio, na sikio halifi. Ukiliweka sanduku lile sebuleni, umemkaribisha bwana afisa mezani, na hata chai hanywi."

Waliokuwapo walikumbuka vizuri miaka ambayo mfuko wa sukari uliofichwa chini ya kitanda ulimpeleka mtu mahakamani.

"Astaghfirullahi," alisema Husseni. "Hata bei zangu linazisikia?"

"Hasa bei zako."

Mlangoni alisimama mjane mmoja wa Nkunga, Mama Elina, kiongozi wa kwaya na mwenye shamba la migomba lililoliwa na wezi kuliko lilivyoliwa na wajukuu. Alikuwa amefuata chumvi. "Mwanangu," aliuliza taratibu, "linasikia hata bila betri?"

"Mama, sikio lako lina betri?"

Mama Elina alitafakari, mabuti yake yakidondosha matope. "Ndaga fijo," alisema. "Asante sana. Umenifumbua macho."

Siku zilizofuata Ambilikile alikutana na uongo wake kila kona, nao ulikuwa umenenepa. Sokoni walisema masanduku yanasikia mnong'ono. Stendi walisema yanasikia hatua za miguu kwenye majani makavu, na yanamjua mwenye miguu kwa jina. Hayo hakuyasema yeye. Alitabasamu tu, kama baba anayeambiwa mwanawe amempita kimo.

Siku ya mnada, dalali alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka, na umati ukamtazama bila hata kukohoa. Ambilikile aliinua kidole kimoja. Nyundo ikagonga. Alinunua fungu zima kwa bei ambayo hata dalali aliitamka kwa aibu.

Akamwendea Meshaki akipiga mluzi. "Leta pikapu. Tunakwenda Mbeya."

"Pikapu yangu imebeba mengi, kaka. Ikisikilizwa, sitakuwa na majibu."

"Meshaki! Ule ni uongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeutunga!"

Meshaki alilitazama sanduku lililokuwa karibu, kisha akalisogelea na kusema kwa sauti ya ushahidi: "Mimi sikusema lolote." Akamgeukia Ambilikile kwa huruma. "Pole. Ndivyo wamekulazimisha useme."

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mwenye gari, kila mwenye mkokoteni na kila mwenye mgongo. Kadiri Ambilikile alivyokanusha, ndivyo walivyoamini. Alipoingia mgahawani, watu walinyamaza. Aliposalimia, walijibu kwa kichwa. Na hapa inafaa tumwonee huruma kidogo, kwa maana mkulima akinyang'anywa jembe bado ana mikono, lakini mtu aishiye kwa ulimi, asipopata wa kuzungumza naye, ana nini?

Jumamosi ilimkuta ameketi juu ya betri, akilitazama jua na kuiwaza cherehani ya mama yake. Ndipo alipokuja Mama Elina, nyuma yake kwaya nzima ya akina mama, kila mmoja na kata yake kichwani.

"Husseni nimekwishamlipa," alisema. "Cherehani iko nje hapo. Chukua cha mama yako, nipe masanduku na nyaya zake."

Ambilikile nusura ambusu. Lakini hata tapeli ana dhamiri ya akiba. "Mama, huogopi kuyabeba?"

"Tutaimba njia nzima. Anayesikiliza wimbo wa Bwana atapeleka taarifa gani bomani?"

Wakaondoka wakiimba kwa sauti nne, chuma cha serikali kikitingishika vichwani mwao. Ambilikile alibaki ameikumbatia cherehani, akimsikitikia mjane wa watu aliyenunua takataka.

Kwa kuwa hakuna aliyetaka tena maneno yake, alishona. Miezi ikapita, na kazi yake kubwa ya kwanza ikatoka Nkunga: Mama Elina alitaka vifuniko vya turubai vya kukinga kitu na mvua. Kitu gani, hakusema. Ambilikile alipovipeleka, aliyakuta masanduku yamesimama juu ya nguzo kati ya migomba, nyaya za shaba zikining'inia kutoka jani hadi jani. Nyumbani kwa mama yule, wakulima wa kijiji jirani cha Lupepo walikuwa kwenye foleni wakitaka kukodi.

"Tangu niyasimamishe, haujakatwa mkungu hata mmoja," alisema Mama Elina. "Wezi wanapita barabarani wamevua viatu."

Ambilikile alimgeukia. "Mama. Mimi nilisema yanasikia mezani tu. Ile habari ya hatua za miguu kwenye majani makavu, aliianzisha nani?"

"Mbegu ilikuwa yako, mwanangu," alijibu mjane, akikikagua kifuniko mshono kwa mshono. "Mimi ni mkulima."

Alirudi kwa njia ya shambani, akiwa na njaa na mengi ya kuwaza. Mkungu mmoja ulikuwa umeiva mpaka ukainama njiani, kana kwamba unajikaribisha wenyewe. Hapakuwa na mtu. Ambilikile aliunyoshea mkono. Jani kavu likalia chini ya kiatu chake. Akageuka. Sanduku la kijani lilikuwa likimtazama juu ya nguzo yake, ndani ya koti jipya alilolishonea yeye mwenyewe.

Aliurudisha mkono, akavua kofia.

"Mugonile," alisalimu kwa heshima zote, akapita akinyata.