Nilivyoinyeshea Olenguruone

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwezi ujao itakuwa miaka thelathini na mitatu tangu tutoke Olenguruone. Nimeishi Nakuru muda mrefu kuliko nilivyoishi kwingine kokote, na bado nikiulizwa kwetu ni wapi, naelekeza kidole juu, milima ya Mau.

Leo Kemboi amepiga simu. Kemboi! Jirani yangu wa zamani, yeye aliyebaki, na ambaye shamba letu limekuwa mikononi mwake miaka hii yote. Anasema amezeeka, watoto wamehamia Eldoret, na pale nyumba yetu iliposimama hajawahi kupapiga jembe. Anatupa ekari nzima tukajenge. Anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Tukikataa, Jumatatu trekta inapita na viazi vinaingia.

Wachuka aliketi sufuria ikiwa bado mkononi. Tangu tufukuzwe kwa vurugu za uchaguzi 1992, mke wangu huweka viatu kando ya kitanda, na mwaka wa uchaguzi hulala navyo miguuni. Nilijua atakataa. Akasema: twende. Hivyo tu!

Nimemwambia aniache nitafakari kwanza. Sirudi kama mtu aliyeonewa huruma. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wenyewe. Nimefundisha historia miaka mingi, najua makubwa hugeuzwa na madogo. Siku ile, Jumatatu ya Aprili, lori la vijana tusiowajua lilitupandia saa nane mchana. Barabara ilikuwa kavu. Mau, Aprili, barabara kavu! Mtu yeyote wa kule anajua kwamba mvua ikinyesha, ule mteremko wa kijitoni hata punda haupandi.

Basi nimeinyeshea. Asubuhi tu, inatosha. Lori linazama hadi ekseli. Vijana wanasukuma, wanatukanana, wanarudi kwao. Hakuna paa linalochomwa.

Matokeo: Wachuka anavuna pareto yake. Binti yetu Tabby hasomei chini ya turubai la kanisa, kwa hiyo ni daktari. Mimi ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, vipindi sita. Kemboi akikubali historia hii Jumamosi, hatakuwa amenipa kitu. Mwenyekiti atakuwa anarudi kwake. Tofauti kubwa sana!

Wachuka ameuliza kama nimeshamjibu Kemboi. Hana jicho la historia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasomea mpango wazee kwenye kibanda cha chai cha Njuguna. Kosa. Muiruri alikuwepo. Muiruri ni wa kule kule kwetu, tulitoroka siku moja, na hajanikubalia jambo lolote tangu siku hiyo.

Alicheka hadi akakohoa. Akasema mwenyekiti angekuwa yeye. Nani angempigia kura mtu anayesahihisha Kiswahili cha watu wakiwa matangani? Nikasema hajui hata kusoma mizani. Akasema heri asiyesoma mizani kuliko anayesoma gazeti ng'ombe wakimaliza mahindi. Njuguna akagonga kikombe: wazee, mnapigania kiti cha ushirika usiokuwepo, kwa kura za mwaka usiokuwepo. Chai ndiyo iko, kunyweni.

Halafu Muiruri akauliza, taratibu kabisa: “Sawa, Mwalimu. Imenyesha. Lori limekwama. Na kesho yake?”

Nilikoroga kikombe kilichokwisha chai.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Jumanne ile chifu alikuwa aje kuamua kesi ya mpaka. Kati yangu na Kemboi. Haikuamuliwa kamwe. Kufikia Jumanne sisi tulikuwa Molo, uwanjani mwa kanisa, watu wanne blanketi moja.

Muiruri hakuwa anacheka tena. Akasema niachane na mvua, niende nyumbani. Wivu!

Ijumaa, 7 Machi

Wachuka amefunga mizigo. Amenunua mbegu za sukuma na kabichi. Amenikalisha kitini kama mtoto wa nasari. “Baba Tabby, kesho utasema ndiyo, halafu utanyamaza. Tumeelewana?” Nimeahidi. Nimeandaa utangulizi mfupi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Kemboi amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha. Amekonda, anatembea na fimbo. Tulishikana mikono muda mrefu, hakuna aliyetaka kuachia wa kwanza. Wachuka alilia. Kemboi akaniuliza jibu.

Nikasema kuna jambo dogo la historia. Wachuka akafumba macho.

Kemboi alisikiliza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Aliikubali mvua. Akaongeza hata mvua ya mawe! Akakubali lori limekwama. Akasema angeteremka mwenyewe hadi kijitoni kuwaambia vijana wale waende kwao. 

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Lakini historia yenye shimo katikati si historia. Nikauliza: na kesho yake?

Kemboi akaweka kikombe chini. Akasema kesho yake chifu angekuja akajionea kwamba ua wangu wa miiba ya kayaba una miguu. Kwamba masika matatu mfululizo ulipiga hatua moja kuingia kwake. Nikasema kayaba haitembei. Ng'ombe wake ndio waliila upande wangu ikaonekana imesogea. Akasema ng'ombe gani mwenye akili anatafuna miiba? Nikasema wake. Nikamtaka akiri zile hatua tatu za ardhi ni zangu. Akasema, Ndegwa, napeana ekari nzima nawe unalilia hatua tatu!

Nikamjibu: “Ekari ni hisani. Hatua tatu ni haki.”

Sentensi nzuri. Niliirudia.

Kemboi alisimama polepole, akamgeukia mke wangu. “Mama Tabby, nilikuja kuchukua jibu. Naona nimewekewa kesi.”

Nilisikia jirani akisonga ugali ng'ambo ya ukuta. Kisha Wachuka akasema trekta isipite. Jibu lake ni ndiyo. Langu atalingoja akiwa huko huko.

Jumatatu, 10 Machi

Wachuka ameondoka jana baada ya ibada. Hakuangalia nyuma. Muiruri alimbebea mizigo, na leo nasikia yuko huko huko, anachimba mashimo ya nguzo! Nyumba yangu, nguzo zangu, mashimo ya Muiruri.

Jumanne, 11 Machi

Wachuka amepiga simu. Analala kwa Kemboi, chumba kimoja na Chesang, mke wa Kemboi. Nyuma yake watu wanacheka. Ameuliza naja lini. Nimeuliza kayaba imesimama wapi sasa. Akasema hakuna kayaba, iling'olewa zamani bomba la maji lipite. Ameuliza tena naja lini, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa vijana. Nimesema kwanza apime kutoka kwenye bomba. Simu ikakatika.

Nimegundua kosa. Nilianzia karibu mno. Lazima nirudi hadi wakati Wazungu walipojenga reli. Reli ikipandishwa Olenguruone, Nakuru inabaki malisho, mpaka wetu unapimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi kabla Kemboi hajazaliwa, na hatua tatu ni zangu. Njuguna amekubali kusikiliza kesho.

Tabby naye amepiga: mama anauliza mara ya mwisho. Nimemwambia amjibu hivi: hatua tatu bado hazijakubaliwa. Sitarudi Olenguruone.