Kitita Ubaoni

Jumatatu, 9 Februari 1998
Habari njema! Mkuu wa idara ya Kiswahili anastaafu. Alhamisi mkaguzi atatazama kipindi changu na cha Bi. Cicily, apendekeze mmoja wetu. Cheo ni changu. Cicily ana miaka mitatu tu kazini, bado anakaa kwao, na wanafunzi wake hubishana kama wako sokoni.

Mkaguzi ametuma ubeti wa kwanza tu wa shairi. Beti zilizobaki atakuja nazo kwenye bahasha. Wanafunzi wabashiri maneno yatakayofuata, watoe na sababu. Kidato cha pili wabashiri! Nitabashiri mimi, wao wakariri.

Jumanne, 10 Februari
Nimeuandika ubaoni:

Kitita kimefungika, kwa majani ya mgomba,
Wazee wamekishika, hodi hodi kwenye nyumba.

Rahisi mno. Hapa Laare kitita ni cha miraa, na miraa ni biashara. Nikawapa maneno: mnunuzi, bei, soko, hasara. Kathambi wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasema kwa heshima kwamba wazee hawapigi hodi sokoni. Nikamwambia aketi. Kweli mimi ni mtu wa Kiambere, kwetu ni mbuzi na ndengu, lakini ushairi nimeusomea chuoni!

Jumatano, 11 Februari
Wameiva. Ukiuliza neno la tatu, arobaini wanajibu kwa sauti moja. Nimepiga suti pasi. Nilipita darasa la Cicily: kelele tupu, huyu anasema mama atalia, yule anauliza kwa nini alie. Nikamhurumia.

Alhamisi, 12 Februari
Balaa! Mkaguzi aliuliza swali, darasa likanguruma "Soko!" hadi mlinzi wa lango akaja kuona kuna nini. Bahasha ikafunguliwa. Binti. Wakwe. Baraka. Chozi la mama. Hatukupata hata moja.

Mkaguzi akauliza kwa upole kama hakuna anayejua kitita cha namna hiyo hupelekwa wapi. Kathambi akasimama, akasema wote wanajua ni posa, lakini mwalimu alisema ni bei. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu, tena mbele ya mtoto wa watu niliyemnyamazisha.

Ijumaa, 13 Februari
Cheo kimeenda kwa Cicily. Mkaguzi ameniandikia niwaache wanafunzi wafikiri. Sawa. Nitawazoeza kufikiri: wasite kidogo, wakune vichwa, kisha wajibu pamoja.

Jumamosi, 14 Februari
Sasa Cicily ndiye mgawaji wa vipindi. Nakitaka kidato cha nne, na mkono mtupu haulambwi. Nimenunua kitita kikubwa cha miraa, kikafungwa vizuri kwa majani mabichi ya mgomba. Nikawachukua walimu wawili wenye mvi waniongezee heshima, tukapiga hodi kwao Cicily. Mmoja wao, Mwalimu Njagi wa hesabu, aliniuliza njiani mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba ya mashairini ni ya mashairini. Hii ni zawadi ya pongezi.

Tumepokewa vizuri ajabu! Mzee Bundi, baba yake, alikipokea kitita kwa mikono miwili. Mama akafuta machozi. Cicily akajishika kichwa. Mzee akauliza wazee wangu watatoka Kiambere lini. Nikamwambia Jumamosi ijayo.

Watu wakarimu mno hawa! Nadhani watanipa na kidato cha tatu.