Mheshimiwa Hataki Kuimba

Jumatatu, 5 Mei
Chura amefika kwangu Kabiria salama, ndani ya ndoo, kutoka kijito cha shambani kwa guka, babu yangu, chini ya milima ya Aberdare. Mdogo, kahawia, vidole vipana vya kushikia mawe. Mrembo! Nimempa jina Mheshimiwa, kwa kuwa anakula vizuri na hasemi kitu. Profesa wangu wa chuo ameniruhusu kukaa naye hadi Jumamosi. Nikirekodi mlio wake, nitaenda safari ya utafiti. Nikishindwa, ataenda Lenox wa darasa letu. Lenox! Mtu anayeenda kijitoni na viatu vyeupe.

Jumanne, 6 Mei
Kimya. Nimemwekea sauti ya mvua kwenye simu. Akafumba macho. Nikachuchumaa bafuni nikamwigia mlio wenyewe. Jirani yangu Namalwa akabisha, akauliza nimekula nini kibaya. Akaniletea uji. Nikanywa.

Jumatano, 7 Mei
Nimeelewa! Anataka maji yanayokimbia. Bahati nzuri, Jumatano ndiyo siku pekee ya maji kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Nimevuta mpira wa maji kutoka tangi la juu, nikapanga mawe kwenye ngazi. Kijito kamili! Nimekiacha kikitiririka.

Alhamisi, 8 Mei
Tangi tupu. Ploti nzima mlangoni na mitungi. Namalwa ameniuliza: “Ina maana, dadangu, umesoma mpaka unaogesha chura, watoto wangu waende shule na jasho?” Waweru, msimamizi wa ploti, amesema mimi au chura, mmoja ahame. Katikati ya kelele, Mheshimiwa akaimba! Nikanyoosha simu. Kwenye rekodi, Namalwa anasikika vizuri sana.

Ijumaa, 9 Mei
Lenox amekuja na mkokoteni wa maji kutoka Dagoretti Corner, ya ploti nzima. Akauliza kama nimekula. Hila gani hii?

Jumamosi, 10 Mei
Tumemrudisha Mheshimiwa kijitoni. Lenox alibeba ndoo. Chura akaruka jiweni, akaimba papo hapo, wenzake wakaitikia. Nikarekodi! Lenox akaanza kusema kuna jambo ametaka kuniambia tangu mwaka wa pili. Nikamwambia anyamaze, anatisha vyura.
Profesa amekubali rekodi. Naenda! Lenox naye ameomba aje kubeba mizigo. Anataka nini huyu mtu?
Lakini kosa langu la wiki nimelijua. Maji hayakuwa shida. Mheshimiwa alikuwa mpweke tu, na mimi nimesoma miaka yote hiyo nisione. Kwa hivyo nimerudi na vyura watatu. Wako kwenye beseni la Namalwa. Bado hajui.