Kuteremshwa Kwangu Jukwaani Kabla Wimbo Haujaisha

Duka la Kushona,
Mayfair, Johannesburg.

Kwa Ndugu Ramanathan,
Mwenyekiti, Kamati ya Muziki wa Karnatiki,
Lenasia.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako, na kama una mafua basi yaishe upesi, maana nataka uisome kwa kichwa chepesi. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Najua umezaliwa Tanga, Barabara ya Kumi, ukakulia kule kule kwetu Ngamiani, kwa hiyo huna kisingizio cha kusema hukuelewa.

Mimi ndiye yule mwanamke wa kanga nyekundu mliyemteremsha jukwaani Jumamosi ile, kwenye tamasha la Bi Vasantha Naicker. Kamati yako imenipiga marufuku kukanyaga ukumbini mwaka mzima. Nataka marufuku hiyo iondolewe, na sababu yangu ni moja tu: mliniteremsha wimbo ukiwa katikati, na mpaka leo sijui uliishaje. Nikikata kitambaa nauwaza. Juzi nimeshona mkono wa kulia mahali pa kushoto, mteja kanuna, na ana haki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Spika zenu. Bi Vasantha ni mteja wangu. Blauzi aliyoivalia sari siku ile nimeishona mimi, na kadi mbili za kuingilia alinipa kwa mkono wake mwenyewe. Muziki huu wa kusini mwa India nilikuwa sijawahi kuusikia, basi nikamchukua shoga yangu Léocadie, Mkongomani, msusi wa Malvern, tukakaa mstari wa mbele. Bi Vasantha akafungua kinywa, na kilichotoka ni mluzi wa birika. Ngoma ilisikika kama inapigwa ndani ya ndoo, fidla ikatokea upande wa choo cha wanawake, na sauti ya mwenyewe haikutokea popote. Léocadie, ambaye kanisani kwao wamezoea spika za kutikisa bati, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, ile ni mwimbo ao ni mashini inaharibika?" Naona haya mpaka sasa.

2. Hadhira yenu. Watu wote walikuwa wakijipiga mapajani na kuhesabu vidole. Nikadhani wanahesabu mara ambazo spika imelia, ili wakashtaki baadaye. Nami nikahesabu, kwa uaminifu. Bibi mmoja mwenye miwani akaniinamia na kunisifu kwamba nashika mdundo vizuri kuliko wajukuu zake. Ndugu Mwenyekiti, ukumbi ambao mtu anasifiwa kwa kuhesabu kelele una kasoro.

3. Fundi wenu wa mitambo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye vitufe, wa pili kwenye sahani ya bajia. Kila Bi Vasantha alipomwinulia kiganja, yaani ongeza sauti, yeye aliitikia "Sharp, sharp!", ndiyo sawa-sawa ya hapa Johannesburg, na kuongeza kitu kingine. Mara ya kwanza aliongeza feni. Mara ya pili, taa. Mara ya tatu pazia likaanza kujifunga, na mpiga fidla akapiga kipande kizima nusu yake ikiwa nje na nusu ikiwa ndani.

4. Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Mimi sikujua kama kiganja kile kinamwita fundi aliyekaa nyuma yangu. Hilo nimeelezwa baadaye, nje, kwenye maegesho. Nilichokiona ni mwimbaji anatazama upande wangu na kuinua mkono, tena na tena. Sasa wewe, mtoto wa Tanga, niambie: kwenye taarabu, mwimbaji akikutazama na kukuinulia mkono, mtu anabaki kitini kama gunia la mkaa? Si anakwenda kumtunza! Mara ya nne sikuweza kuvumilia. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoa noti, nikaiinua juu watu waione, nikapanda taratibu, mabega yakifuata ngoma. Kwa kuwa Bi Vasantha huimba ameketi chini, ilibidi nicheze nimechuchumaa, na kwa magoti yangu haya hiyo ni heshima kubwa sana. Noti nikamchomekea nyweleni, kwenye asumini zake. Hapo kisigino changu kikanasa waya.

5. Spika zote zikazima. Na tukamsikia. Ndugu yangu, tukamsikia! Sauti yake yenyewe, haijapita kwenye mashine yoyote, ikipanda, ikishuka, ikizunguka na kurudi pale pale ilipotoka kana kwamba imesahau ufunguo nyumbani. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, bado nimechuchumaa. Ndipo mabwana wawili wakanishika mikono, mmoja akisema, "Eish, mama, twende chini," waya ukarudishwa, na birika likaendelea kuchemka. Wewe ulikuwa mstari wa pili. Ulijua kabisa nafanya nini, na ungeweza kusema neno. Ukatazama viatu vyako. Hilo limeniuma kuliko marufuku.

6. Kwa hiyo mtu pekee aliyetengeneza sauti siku ile ni mimi, tena kwa kisigino. Kwa hesabu hiyo naomba: (a) marufuku ifutwe, (b) fundi wenu aletwe dukani kwangu ajifunze kumtazama mteja usoni, (c) cheo chake nipewe mimi, na kazi yangu itakuwa kukaa karibu na waya na kuukanyaga mapema, (d) wajumbe wote wa kamati, kuanzia wewe, wajifunze kutunza. Nitawafundisha Jumapili, bure, mje na viatu visivyoteleza.

Nisalimie mkeo, mpiga ngoma, bibi mwenye miwani, na yule bwana aliyenishika mkono wa kushoto, maana alinishika kwa upole. Wa mkono wa kulia sina salamu zake.

Ni mimi mwenye wimbo nusu,

Mwanaharusi binti Mwadini

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Bi Vasantha kaingia dukani, anataka blauzi ipanuliwe. Nikamsomea barua yote na kumfasiria. Kacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Halafu kaniambia kwamba mara tatu za mwanzo alikuwa akimwita fundi, lakini ile ya nne alikuwa ananiita mimi. Alikuwa ameniona ninavyoyumba kitini, na miaka yote anayoimba, watu humhesabia vidole tu, hakuna aliyewahi kuinuka akamwendea. Kwa hiyo fundi hana kosa, spika hazina kosa, na malalamiko yote sita nimeyafuta. Kisha kaketi kwenye kiti cha wateja, nikazima cherehani, akaniimbia wimbo wote mpaka mwisho. Sikwambii unaishaje. Marufuku yenu nimeikubali kwa moyo mkunjufu, ibaki mwaka mzima. Ila yeye amesema tamasha lijalo hapandi jukwaani mpaka anione nimekaa mbele, na hilo sasa ni shauri lenu. Ukija kuniomba, usije Ijumaa mchana, duka nafunga.