Tatu Nane na Moja Mwishoni

Jumatatu, 4 Machi 2019
Nimeshinda! 31 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. 331, tasa. 3,331, tasa. Majira yote ya baridi nimekaa jikoni na penseli, mpaka 33,333,331. Namba saba, zote tasa! Ya nane, 333,333,331, sikuikagua. Ya nini? Damu ni ileile. Marlys, mke wangu, akauliza kama na theluji ya mlangoni imeshajiondoa yenyewe. Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Alhamisi Chama cha Namba hapa Duluth kinachagua mwenyekiti. Miaka tisa wananituma kupanga viti tu. Verna Haugen, mwalimu mstaafu, anadhani cheo ni chake. Thubutu! Nimeagiza fulana ishirini: 333,333,331, na chini yake "Tasa ya Orville". Mchapaji akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia achape, asifikiri.

Jumatano, 6 Machi
Nimekutana na Verna maktabani. Nikamwambia, kwa huruma tu, kesho ajiandae kupiga makofi. Akaniomba namba yenyewe. Nikampa! Akaiandika nyuma ya risiti, akasema asante, Orville, kwa sauti ya chini mno. Kanywea kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Wote wamevaa fulana. Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kiheshima. Verna akanyoosha mkono, akauliza kama nimejaribu kumi na saba. Nikamjibu kwamba namba ya hadhi hii haipimwi kwa vijinamba. Akaenda ubaoni: 17 mara 19,607,843. Jibu likatoka lilelile la kwenye fulana. Mzee Einar, ambaye hasikii vizuri, akauliza kwa sauti kubwa kama sasa tuvue. Verna kapata kura kumi na tisa. Mimi moja. Hata Marlys, niliyemwandikisha chamani mwenyewe! Verna akasema zile saba za mwanzo ni kazi ya maana kweli, nije niwafundishe nilivyozikagua. Nikavaa koti.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala fofofo. Kosa si langu. Ni ile namba, imeharibika peke yake katika ukoo mzuri. Nimeongeza tatu moja: 3,333,333,331. Nimeigawa kwa kumi na saba, mara mbili. Haiingii! Marlys akauliza, je, hizo namba nyingine za kugawia? Nikamwambia atulie, Verna anaijua kumi na saba tu. Nimempigia simu mwandishi wa gazeti. Nimemwambia aje na kamera.