Malalamiko Dhidi ya Hasi Ishirini na Nane

Mwika, Jumatatu

Kwa Mwalimu Eliamini wa hisabati,

Ndugu Mwalimu,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, lakini leo mwenye shida ni mimi.

Mama mkwe wangu, Bibi Elisifa, ameahidi kutupa mtamba wa maziwa, mradi zizi liwe na mita za mraba 32. Nami niliapa mbele yake kwamba seng'enge yangu ya mita 20 inatosha. Ndipo binti yangu Yuditha, mwanafunzi wako wa kidato cha pili, alipotoa kalamu. Mzunguko ukiwa 20, urefu na upana jumla ni 10; kwa hiyo, x ikiwa upande mmoja, x² − 10x + 32 = 0. Kisha akaita hiyo diskriminanti yenu: 10 mara 10, toa 4 mara 32. Ikaja hasi 28. Akatangaza, bibi yake akisikia, kwamba ikiwa hasi hakuna jawabu. Niliona aibu, sifichi.

Nalalamika hivi:

1. Namba hii imetangaza kushindwa kwangu kabla sijachimba hata shimo moja la nguzo.

2. Ina upendeleo. Ukiomba mita za mraba 24 inakuwa chanya, unapewa majawabu mawili: 6 kwa 4, au 4 kwa 6, yaani zizi lilelile limegeuzwa. Ukiomba 25 inakuwa sifuri, unapewa moja tu, 5 kwa 5. Mwenye hitaji kubwa hapewi hata la kubahatisha.

3. Hiyo 4 nani aliipitisha? Tukiweka 3, nimepiga hesabu mwenyewe, tunapata chanya 4 na mtamba juu. Naomba ibadilishwe, kwa Mwika tu. Watu wa Rau na Njoro wabaki na 4 yao. Hawana mama mkwe wangu.

4. Ikishindikana, Yuditha afundishwe kukosea kidogo mbele ya wageni.

Wasalimie walimu wote, na mpishi wa shule usimsahau.

Ni mimi mzazi mwenye waya na asiye na ng'ombe,
Aminieli, Baba Yuditha

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii. Jana mama mkwe alikuja na mtamba, akatazama, akauliza kwa nini zizi tusiliegemeze kwenye ukuta wa mawe wa shamba, waya uzungushe pande tatu tu. Yuditha akapiga upya, x sasa ikiwa upande wa kuingia shambani: x² − 10x + 16 = 0, diskriminanti chanya 36, majawabu mawili. Mama mkwe anataka mita 4 za ukuta kwa 8 za kuingia shambani, ng'ombe apate kugeuka. Mke wangu Winfrida anataka 16 za ukuta kwa 2, migomba yake isikatwe. Tangu jana mtu na mama yake hawasemezani. Mwalimu, 4 usiiguse kabisa, ila ile hasi naomba nirudishiwe. Mtamba tumemfunga kwenye mgomba, naye anaula.